Shangazi, nawalilia watu wa kitabuni

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 28. Nilihamishiwa Tanga mwaka juzi nikitokea Singida, nimepanga chumba Ngamiani, nyumba ya wapangaji sita. Wazazi wangu waliachana nikiwa mdogo, nikalelewa kwa zamu: kwa bibi, kwa mama mdogo, kisha bweni. Nina mdogo wangu wa kwa baba, yuko chuoni Dodoma, tunatumiana salamu za sikukuu tu.*

*Kuna riwaya moja ndefu, vitabu vinne, ya ndugu watano na rafiki zao wanaoishi nyumba moja. Nimeisoma mara sita. Ipo sehemu mdogo wao anachelewa kurudi, anakuta taa inawaka, sahani yake imefunikwa mezani, na dada mkubwa amesinzia kitini akimsubiri. Kila nikifika hapo nalia. Ijumaa nimeimaliza tena, nimelia mpaka adhana ya alfajiri, kama niliyefiwa. Nawaonea wivu watu ambao hawapo! Mwalimu mwenzangu anasema nakimbia maisha, niache riwaya. Majirani nao wananiona naringa, maana wakinigongea jioni tukale uani, huzima taa nikajifanya nimelala, kisha nasoma kwa mwanga wa simu. Anayenielewa kidogo ni mama wa chumba cha mbele, muuza samaki wa kukaanga, na yeye hurudi saa nne usiku. Je, nimechanganyikiwa? Niache kusoma?*

*Mwalimu, Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Kusoma usiache. Mwenzako mpe salamu zangu, mwambie mwenye njaa hatibiwi kwa kuzibwa pua asisikie harufu ya pilau. Na hujachanganyikiwa. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni wanaomzoea mtu wa hewani mpaka wakamwona rafiki, ilhali yeye hawajui hata jina. Urafiki wa upande mmoja. Wa kitabuni hauko mbali na huo. Kwa hiyo ukilia, ujue wenzako ni wengi, wengine wanalia jioni hii hii mbele ya tamthilia huku maharage yanaungua jikoni.

Kilichonishika mimi katika barua yako ni ile sahani. Vitabu vinne vizima, bila shaka vina harusi na ugomvi na safari, wewe unalilia chakula kilichofunikwa. Basi unajua unachokitaka kuliko watu wengi wanaoniandikia. Hutaki ukoo mkubwa wala marafiki hamsini. Unataka mtu mmoja ajue kwamba hujarudi.

Kwetu chakula cha aliyechelewa kinafunikwa kawa. Ya bibi yangu ilikuwa ya ukindu, upande mmoja panya alishaitoboa, bibi akaishona kwa uzi mweusi. Na huyo bibi ndiye aliyekuwa akitusimulia hadithi baada ya isha. Akisema "Paukwa!" tunaitika "Pakawa!", na mimi kwa utoto wangu nilidhani inatajwa ile kawa, kwamba hadithi nayo imefunikwa na sasa inafunuliwa. Kisha anaendelea: kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kaka, mpaka afike kwenye vikuta na vilango vya kupitia. Tusipoitika, hasimulii. Anauliza, "Nani amelala?" na hadithi inasimama hapo hapo mpaka aliyelala azinduliwe kwa kiwiko. Hadithi yenyewe ilikuwa na watu ndani yake, na watu nje yake wamebanana mkekani, mwingine kakukalia mguu.

Wewe unasema paukwa peke yako, unajiitikia pakawa, chini ya shuka, na simu mkononi. Kitabu kikiisha, lazima chumba kiwe kimya mno.

Nikuambie na langu. Nilipokaa eda ya marehemu mume wangu, miezi minne na siku kumi, nilikuwa na mchezo wa redio niliousubiri kila siku alasiri. Walikuwamo wanawake watatu, marafiki wa kufa na kuzikana, wanaambiana maneno matamu hayo, wallahi nikawapenda kuliko dada zangu. Saa hizo hizo alikuwa anakuja jirani yangu na ungo wa kunde. Anakaa, anamenya, ananieleza bei ya nazi, mguu wake unavyomuuma, mkwewe anavyopoteza vifuniko vya sufuria. Kila siku vifuniko! Nami moyoni nasema, huyu naye ataondoka lini, mchezo wangu unaanza. Siku moja hakuja. Siku ya pili hakuja, mguu umevimba, amelala. Nikafungua redio yangu, nikawasikiliza wale watatu mpaka mwisho bila mtu wa kunikatiza, na sikumbuki walisema nini hata neno moja. Nilikuwa naangalia ule ungo aliouacha, kunde zimemenywa nusu.

Hakuna mtunzi ambaye angempa jirani yule hata ukurasa. Riwaya inaziruka kunde, ndiyo kazi yake, la sivyo nani angeimaliza? Yule dada mkubwa aliyesinzia kitini umemsoma kwa mistari miwili. Yeye alikaa pale saa nyingi, shingo imemuuma, huenda kamtukana mdogo wake kimoyomoyo, na kesho yake alikuwa na kazi. Hayo mwandishi amekukatia. Tena wale ndugu watano hawajawahi kukuazima ndoo na kuirudisha imepasuka.

Sasa nitakukaripia kidogo, uvumilie. Yule mdogo wa kitabuni alikuta taa inawaka. Wako wanaokugongea wanakuta taa imezimwa. Na usijidanganye kuwa hawajui, nyumba ya kupanga Ngamiani haina siri, huo mwanga wa simu unaonekana kwenye upenyo wa pazia. Wanajua uko macho. Kinachowashinda kujua ni wamekukosea nini.

Najua sababu, na si kuringa. Mtoto aliyelelewa kwa zamu hujifunza kutolifungua begi lote. Anakula, anashukuru, anaosha sahani yake upesi, hazoei, maana mwezi ujao yuko kwingine. Na umeangukia mji ambao wenyewe unasemwa kuwa wa waja leo waondoka leo. Kitabuni hakuna wa kukuhamisha, ukifungua ukurasa wa kwanza wote wako pale pale. Sikulaumu hata kidogo. Lakini una miaka miwili hapa, mwanangu. Nguo ziko kabatini au bado ziko kwenye begi?

Kuhusu mdogo wako wa Dodoma, nikukumbushe mtu wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huku huku Tanga. Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake cha Adili na Nduguze, na kama unafundisha Kiswahili unaijua: ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa mwenzao baharini kwa husuda, wanaishia kugeuzwa manyani. Ndugu wa tumbo moja hao! Miaka ile ile mtunzi huyo alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye hata jina la baba si moja. Barua zilizokuja kuchapishwa baadaye zinaanzia 1931 hadi 1958. Hesabu, ni miaka 27. Na usidhani ni mashairi matupu, humo mna mambo ya nyumbani, kazi, fedha na vitabu. Kunde nyingi sana. Wewe wako anapata "Idi njema" na picha ya maua. Mwandikie Jumatano isiyo na sikukuu yoyote. Muulize bwenini wanakula nini. Asipojibu wiki hii, mwandikie nyingine wiki ijayo, na wala usimwambie kwamba unataka muwe kama wale watano, utamtisha.

Wazazi wako siwagusi leo. Hukuniuliza.

Kama kilio kitaendelea wiki kadhaa, usingizi hakuna, chakula hakipiti na kazini huendi, hapo nenda hospitali ukaonane na daktari, usiningoje mimi. Kilio cha usiku mmoja baada ya ukurasa wa mwisho hakihitaji dawa.

Jioni unazozima taa, acha mbili kwa wiki. Mbili tu, nyingine soma, nani atakunyima? Ukitoka uani usitoke mikono mitupu wala usitoke na maneno mengi, chukua kisu, kaa kwenye kigoda, omba kitunguu ukate. Watoto wa humo ndani wakikuzoea wasomee kwa sauti, na wewe ni mwalimu, unajua kuwafanya waitike.

Halafu yule mama wa chumba cha mbele. Umeniandikia wewe mwenyewe kuwa hurudi saa nne, sijui kama ulijisikia ulivyokuwa ukiandika. Siku moja mbakizie chakula. Wali na mchicha wa nazi unatosha, samaki usimpe, ameshinda nao. Usimsubiri kitini, atadhani kuna msiba. Acha taa ya ukumbini inawaka. Inawezekana ataingia ananuka mafuta, miguu imemvimba, aseme "asante mwalimu" akalale, na wewe ubaki umesimama na pazia mkononi ukijiuliza mbona hakulia. Asubuhi utaikuta sahani mlangoni kwako, imeoshwa. Jumamosi mbakizie tena.

Kawa utapata Mgandini. Chagua ya ukindu, za plastiki chakula kinatoa jasho. Na hicho kitabu cha kwanza niazime, nimebaki na hamu ya kumjua huyo dada mkubwa. Ila usinisimulie mwisho.