Mwanangu, kuhusu ile meza ya sikukuu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kutupeleka sote sita mkahawani usiku wa sikukuu, kila kichwa kinalipiwa karibu mara tatu ya bei ya kawaida, nusu wanaitaka mapema na hairudishwi. Unaniuliza: "Mama, inafaa au ni kutupa pesa?" Baba yako alijibu kabla sijafika mwisho wa ujumbe. Jibu lake unalijua. Langu ni refu kidogo.

Hata siku za kawaida, chakula chenyewe huwa kama theluthi tu ya bei ya sahani. Kinachobaki kinakwenda kwenye mishahara, pango, umeme, vyombo vinavyovunjika, na faida kidogo. Usiku wa sikukuu bei haipandi kwa sababu nyama imezidi utamu. Usiku ni mmoja, meza ni zile zile, na wanaozitaka ni wengi. Wale wanaoacha familia zao waje kutuhudumia nao walipwe vizuri, hilo silalamikii.

Sasa tazama jikoni. Siku nyingine wateja huingia wawili wawili, na mpishi anashughulikia oda moja moja. Usiku ule ukumbi unajaa kwa mpigo, ndiyo maana wanatoa menyu moja isiyo na uchaguzi mwingi. Wakiijua idadi wananunua kwa kipimo, wanapika mengi mapema, kisha wanapasha na kupakua mfululizo. Si hila, bila hivyo watu mia wangekula alfajiri. Lakini mpishi huyo huyo, Jumanne isiyo na shughuli, angekulisha vizuri zaidi kwa pesa kidogo.

Mimi na baba yako tuliwahi kwenda, kabla hujazaliwa. Mahali sipataji. Tuliwekwa karibu na mlango wa jikoni, na kila ulipofunguka uligonga kiti changu. Kitindamlo kililetwa pamoja na bili, maana kundi la pili lilikuwa limeshasimama pale mbele likisubiri viti vyetu. Kijana aliyetuhudumia, shati limemganda mgongoni kwa jasho, hakuthubutu kututazama usoni. Baba yako aliikunja ile bili mara nne, ikawa kama hirizi, akaitia mfukoni. Mpaka leo anaitoa, kwa maneno.

Usidhani basi nakukataza. Wewe na wenzio mnakumbuka vicheko vya sebuleni siku za sikukuu; mimi nilivisikia kupitia ukutani. Miaka yote hiyo nimekula nimesimama, mwiko mkononi. Kuletewa sahani, kula nikiwa nimekaa, kisha kuondoka bila kugeuka kutazama vyombo, kwangu kuna thamani, na sioni haya kulisema. Kama unalipia chakula, usiende. Kama unalipia ili pasiwe na mmoja wetu aliyebaki jikoni, hapo tuzungumze.

Ila hilo nalo halilazimu usiku ule ule. Nenda siku mbili baadaye, au hata mchana: menyu imerudi nzima, mtu anachagua anachokipenda, na hakuna anayekuchungulia kama umemaliza.

Ukishikilia kwamba ni usiku ule tu, basi piga simu, usitosheke na picha. Uliza kama kodi na ada ya huduma zimo ndani ya bei. Uliza vinywaji, kwa sababu bili nyingi huvimbia hapo. Uliza meza ni yenu kwa muda gani, na kama mtakuwa kundi la kwanza au la pili. La pili hukaa kwa raha zaidi, ingawa huanza kwa kuchelewa. Na mmoja akiugua siku hiyo, ile nusu yake inakuwaje? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, hilo ni jibu tosha.

Jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: umesema mtachangishana. Umewaambia wenzio kiasi? Mdogo wako ndiyo kwanza ameanza kazi. Hatakataa mbele yenu, ataona aibu, atakopa. Mwulize peke yake. Wewe pia kama ni ya mkopo, uniambie sasa, nisije nikaitafuna pale mezani.

Kwa upande wangu, weka meza mchana wa siku ya pili yake. Omba iwe mbali na mlango wa jikoni na mbali na spika, kwani sikio la kushoto la baba yako halisikii vizuri siku hizi na hataki mtu ajue. Yeye niachie mimi.

Mama yako