Lipia Mtu Atakayekukataza: Siku Nne Kusini mwa Aisilandi

Upepo ulikuwa unalitikisa gari hata kabla kiongozi wetu hajazima injini. Tulikuwa tumefika kwenye maegesho ya Reynisfjara, ule ufukwe wa mchanga mweusi ulio karibu na kijiji cha Vík, na sote kumi na wawili tulikuwa tumekwisha kufunga makoti hadi shingoni. Kiongozi akashuka peke yake. Akaisogelea nguzo ya taa za onyo, akasimama akiitazama bahari kwa muda, akarudi na kukaa kwenye usukani.

"Leo hatushuki," akasema. "Tutalala hapa Vík, na kesho asubuhi tutajaribu tena."

Nilikasirika. Picha ya ufukwe ule nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu kwa miaka miwili. Shangazi yangu, niliyesafiri naye, akaniwekea mkono gotini. "Mwanangu, huyu anaijua bahari yake. Tumwache."

Baadaye jioni alitueleza. Pale hakuna nchi kavu mbele ya ufuko ya kuvunja nguvu za bahari ya Atlantiki, na karibu na ufuko kina kinashuka ghafla. Mawimbi madogo yanaweza kuja na kurudi hadi ukadhani umeshaizoea bahari, kisha linakuja moja linalopanda ufuko mzima na kumvuta mtu kwa miguu. Watu wamekufa hapo, na mtoto akiwa miongoni mwao. Ndiyo maana tangu 2022 kuna taa: ya njano inakuonya usisogee sehemu ya chini, nyekundu inakuonya usishuke kabisa. Asubuhi iliyofuata bahari ilikuwa imetulia. Tukatembea hadi kwenye nguzo za basalti, zile zilizopangana kama mirija ya kinanda, tukakaa nusu saa nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeipa bahari mgongo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila nikiulizwa kama safari ya kundi dogo ina thamani ya pesa zake, ndicho kinachonijia. Ukilipia safari ya namna hii, hulipii kiti cha gari tu. Unalipia mtu anayeweza kukuambia hapana, na aliye na nafasi kwenye ratiba ya kuitimiza hapana yake.

Najua tofauti kwa sababu safari yangu ya kwanza Aisilandi sikuifanya hivyo. Nilikata tiketi ya basi kubwa, kwenda na kurudi siku moja, kutoka Reykjavík hadi ziwa la Jökulsárlón. Ni kilomita kama 370 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Tuliondoka giza, tukarudi giza, na mbele ya barafu tulikaa dakika arobaini. Dereva alikuwa mtu mwema, lakini ratiba ilikuwa imemfunga mikono. Mvua ilipokuwa kali pale kwenye maporomoko ya Skógafoss tulishushwa hivyo hivyo, kwa sababu saa ya kushuka ilikuwa imefika. Kwa hiyo safari ya pili nilichagua gari dogo, abiria kumi na wawili, siku nne, mwishoni mwa Septemba.

Kabla ya kulipa, andika barua pepe uulize maswali. Mimi niliuliza hivi: barabara ikifungwa kwa upepo, mtafanya nini na tutalala wapi? Kiongozi ndiye huyo huyo dereva, na kama ndiye, anaendesha saa ngapi kwa siku? Anayeshindwa kutembea juu ya barafu atasubiri wapi? Vyakula gani vimo kwenye bei? Kampuni moja ilinijibu kwamba ratiba yao haibadiliki kamwe, ikaliandika hilo kama sifa. Nikaiacha. Iliyonipata iliandika kwamba mpangilio wa siku huamuliwa kila asubuhi baada ya kusoma utabiri. Hilo la chakula nalo usilipuuze: Aisilandi ni nchi ya bei ghali, na milo ya jioni mara nyingi unajilipia mwenyewe.

Sisemi kukodi gari mwenyewe ni kosa. Barabara namba 1, inayoizunguka nchi yote kwa zaidi ya kilomita 1,300, ni nzuri. Lakini jua kwamba upepo wa kule unaweza kuung'oa mlango wa gari ukiufungua vibaya, kwamba yako madaraja ya njia moja ambapo wawili hawapishani, na kwamba bima ya kawaida ya gari la kukodi kwa kawaida haigusi uharibifu wa mchanga na majivu. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, usianzie huko. Ukienda peke yako, soma tovuti za vedur.is (hali ya hewa) na safetravel.is (usalama wa safari) kila asubuhi, na kumbuka namba ya dharura ni 112.

Siku ya kwanza nitaipita haraka, maana picha zake ziko kila mahali: Þingvellir, ambako bunge la Alþingi lilianza mwaka 930 kwenye bonde ambalo mabamba mawili ya ardhi, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana taratibu, takribani sentimita mbili kwa mwaka, chemchemi ya Strokkur inayorusha maji ya moto kila baada ya dakika chache, na maporomoko ya Gullfoss. Pale Strokkur simama upande upepo unakotokea, na mara ya kwanza weka simu mfukoni. Maji huvimba kwanza kama kiputo kikubwa cha buluu kabla ya kupasuka, na kiputo hicho hudumu kwa kufumba na kufumbua.

Kuanzia siku ya pili ndipo nilipoona faida ya kuwa na mtu anayeisoma ardhi. Tulisimama barabarani mkabala na Eyjafjallajökull, jina ambalo maana yake ni barafuto (barafu kubwa ya kudumu) ya milima ya visiwa. Mwaka 2010 volkeno iliyo chini yake ililipuka, majivu yakafunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Wenzetu kwenye gari walikumbuka ndege walizozikosa. Shangazi alikumbuka maua ya Kenya yaliyotupwa kwa kukosa ndege ya kuyapeleka sokoni. Kiongozi hakuwahi kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliyeliona, akamwomba asimulie zaidi, na gari zima likageuka kumsikiliza. Kwenye basi la watu hamsini jambo hilo halingetokea.

Kisha Eldhraun. Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa kwenye safari ya kwanza nilipapita nimelala.

Ni uwanda wa zaha (mawe yaliyoyeyuka ya volkeno) iliyoganda, mkubwa kiasi kwamba unauendesha na kuuendesha. Juu yake imeota mimea ya kijani kibichi isiyo na mizizi, laini kama godoro, ikafunika kila jiwe. Panaonekana pa amani sana. Zaha hiyo ilitoka kwenye ufa wa Laki, uliofunguka Juni 1783 na kuendelea kutema moto kwa miezi minane. Hewa ilijaa sumu, florini ikaingia kwenye majani, mifugo ikafa, na njaa iliyofuata ikaondoka na takribani mtu mmoja kati ya kila watano wa nchi hiyo. Mchungaji Jón Steingrímsson wa Kirkjubæjarklaustur aliendesha ibada tarehe 20 Julai 1783 huku zaha ikikaribia, akiamini pengine ndiyo ya mwisho kanisani humo. Waumini walipotoka nje walikuta mto wa moto umesimama kabla ya kuwafikia. Mchungaji huyo aliacha maandishi ya yote aliyoyaona, na ndiyo maana tunayajua mengi kuhusu mwaka ule.

Kiongozi alituruhusu kutembea kwenye njia iliyowekwa tu. Alama ya kiatu kimoja juu ya mimea ile inaweza kubaki kwa miaka mingi. Mwenzetu mmoja alitaka kupiga hatua mbili tu nje ya njia apate picha, akakatazwa kwa upole lakini bila kubembelezwa. Mimi nilikuwa nimeshakuwa upande wa kiongozi.

Mbele zaidi, kwenye tambarare ya Skeiðarársandur, kuna vyuma viwili vikubwa vya daraja vilivyojikunja kando ya barabara. Mwishoni mwa Septemba 1996 volkeno ililipuka chini ya barafuto ya Vatnajökull. Moto uliyeyusha barafu kutoka chini, maji yakajikusanya kwa wiki tano, na tarehe 5 Novemba yakafumka yote kwa pamoja, yakisukuma mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Madaraja yakasombwa. Hakuna aliyekufa, kwa sababu wataalamu waliona maji yanajikusanya na barabara ikafungwa mapema. Gharika ya namna hii wenyeji wanaiita jökulhlaup. Vík nako wanaishi wakiikumbuka, maana volkeno ya Katla iko chini ya barafu nyuma ya kijiji na mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa mwaka 1918. Kanisa lililo juu ya kilima ndilo kimbilio lao, na hufanya mazoezi ya kulikimbilia.

Siku ya tatu tulipanda barafuto eneo la Skaftafell, kwenye mmoja wa mikono inayoshuka kutoka Vatnajökull, ambayo peke yake inafunika takribani asilimia 8 ya nchi. Ushauri wangu hapa ni mfupi. Vaa viatu vigumu vinavyoshika kifundo cha mguu. Bila hivyo meno ya chuma wanayokufungia chini hayatakaa. Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo, ukikanyaga kwa wayo wote kama mtu anayepanda ngazi kwa mzigo. Nguo ya pamba usivae kabisa: ikilowa haikauki, na upepo wa barafuni utaipata. Sufu ndani, na nje koti na suruali visivyopitisha maji. Mwavuli uache nyumbani.

Kuhusu mapango ya barafu, nenda nayo kwa hadhari. Msimu wake ni miezi ya baridi, wakati barafu imekaza. Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye barafuto ya Breiðamerkurjökull, mtalii mmoja akafa. Mtu akikuahidi pango la asili wakati wa joto, muulize kwa kina, na majibu yakiyumba usilipe.

Shangazi hakupanda. Magoti yake hayaruhusu, na tulilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana niliuliza mapema. Alitembea njia ya tambarare kuelekea mbele ya barafuto ya jirani, akapumzika akila supu ya kondoo kwenye mkahawa, na niliporudi alikuwa na mengi ya kusimulia kuliko mimi. Ukisafiri na mzee, usikubali jibu la kwamba "atasubiri garini". Saa tatu garini kwenye baridi ni adhabu.

Mambo madogo ya kundi. Badilishaneni viti kila siku, na anayepata kichefuchefu apewe cha mbele. Kuwa wa kwanza kurudi garini, kwa kuwa watu kumi na mmoja watakulipa wema huo. Na kwenye mabwawa ya maji moto, sheria ni kuoga kwa sabuni bila nguo yoyote kabla ya kuingia, wanawake kwao na wanaume kwao. Shangazi alisitasita kwa haya. Mahali pengi pana chumba kimoja au viwili vya kuogea vyenye mlango. Uliza mapokezi, wala hakuna atakayekushangaa.

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yanaanza kupokelewa miezi sita kabla, yasichelewe siku kumi na tano kabla ya safari. Wewe omba mapema zaidi ya hapo. Iombe kampuni ya safari ikuandikie orodha ya mahali mtakapolala kila usiku. Itakupunguzia maelezo mengi.

Siku ya nne asubuhi tulifika Jökulsárlón, ziwa lile lile nililolitazama kwa dakika arobaini miaka iliyotangulia. Vipande vya barafu vilikuwa vinaelea polepole kuelekea baharini, vingine vyeupe, vingine vya buluu, vingine vimechorwa mistari myeusi ya majivu ya volkeno. Sili wawili walikuwa wanatutazama. Kiongozi alituambia kwamba ziwa hili halikuwepo zamani. Lilianza kuonekana miaka ya 1930, barafuto iliporudi nyuma, na sasa kina chake kinazidi mita 200.

Shangazi akahesabu kwa vidole. "Mama yangu alikuwa ameshazaliwa," akasema. "Bibi yako ni mkubwa kuliko ziwa hili."

Akaketi juu ya jiwe. Wengine walikuwa wameanza kurudi garini. Nilimwona kiongozi akitazama saa yake, kisha akamtazama shangazi, kisha akatoa chupa ya chai kwenye mkoba na kuja kukaa karibu nasi.