Paka kagongwa na tuktuk: mshipa wa fahamu washoneka?

SWALI: Assalam aleikum daktari. Paka wangu aligongwa na tuktuk hapa Kibokoni mwezi uliopita, mguu wa mbele wa kushoto auburuta tu na juu ya kiganja pashaanza kuchubuka. Nimeambiwa neva imeharibika, mguu ukatwe, lakini kijana wangu asema kaona mtandaoni ati panya walikatwa neva wakashonwa wakatembea. Ni kweli?
Mama Paka, Mji wa Kale

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana. Ni kweli kabisa, ila wale panya hukatwa kwa wembe, mkato safi, wakashonwa papo hapo chini ya hadubini na uzi mwembamba kuliko unywele, tena yashonwa ile ngozi ya nje ya neva peke yake, ncha zigusane bila kuvutana. Zikiwa mbali hupandikizwa kipande cha neva nyingine ya mnyama yuyo huyo au hutiwa kijibomba cha kuziongoza, na watafiti wengine hupitisha umeme mdogo, mapigo 20 kwa sekunde kwa saa 1, neva ianze kuota mapema. Hata hivyo yaenda milimita 1 hadi 3 kwa siku, na misuli nayo huku yanyauka.

Sasa paka wako mama, tuktuk haikati neva, yauvuta mguu kwa nguvu, na mara nyingi neva zang'oka kwenye mizizi yake pale uti wa mgongo. Zikishang'oka hapo hakuna ncha ya kushonea, na hilo ndilo lanitia wasiwasi.

Mtazame macho kwenye mwanga hafifu. Mboni ya kushoto ikiwa ndogo kuliko ya kulia na ile ngozi ya konani mwa jicho imepanda, ni dalili mbaya kuwa neva zimeng'oka pale mizizini. Kisha daktari ambane kidole kwa koleo: kuuvuta mguu tu hakutoshi, tunataka ageuke, alie, atake kuuma. Akilia, tafadhali usikubali ukatwe sasa, mpe miezi kadhaa, mvishe soksi laini isiyobana, ubadilishe kila siku na umkunje-kunje viungo visikakamae. Asiposikia kitu na jicho liko hivyo, basi kukata si ukatili, paka wa miguu mitatu huruka kuta vizuri tu.

Ila mpeleke wiki hii hii kwa daktari wa pili, kile kidonda kisije kikafika mfupani.