Shafti ya grinda imekwama? Weka nyundo chini kwanza

Huku kwetu Lamu chuma hakina maisha marefu, upepo wa bahari una chumvi na unyevu wa usiku unaingia mpaka ndani ya mota, sasa grinda ya mezani ikikaa karakanani kaskazi yote bila kuwashwa, ukija kuifungua unakuta nati, flanji (zile sahani za chuma zinazobana jiwe), beringi na shafti vimeshikana vimekuwa kitu kimoja. Mie naletewa sana hizi mashine, nyingi ni za kunolea tezo na patasi za mafundi wa majahazi na wachonga milango, na kuna zile kuukuu za Kiingereza ambazo mota yake bado ni nzima kabisa. Kitu cha kwanza naangalia ncha ya shafti. Ikiwa imefumuka kama uyoga najua tayari ishapigwa nyundo.

Sasa sikilizeni, shafti ndo mashine yenyewe. Beringi utanunua, nati utanunua, jiwe utanunua, lakini shafti ikipinda au nyuzi zake za kufungia nati zikifa mpaka ukakerezewe nyingine Mombasa, huko nauli ya basi, huku boti ya Mokowe, bado fundi hujamlipa. Kwa hivyo kila hatua jiulize kinachoumia hapa ni nini, kama ni nati acha iumie, kama ni shafti simama hapo hapo.

Chomoa plagi, toa vikinga vya mawe, na kama mota ina kapasita usiishike kabla hujaimaliza umeme manake inapiga hata ikiwa imechomolewa.

Halafu kuna hili la nyuzi ndo linawamaliza wengi. Upande wa kulia nyuzi ni za kawaida, upande wa kushoto zimegeuzwa, zimewekwa hivyo makusudi ili mashine ikizunguka nati izidi kujikaza isije ikaruka na jiwe. Mtu anakuja anasema "fundi, nimeivuta na bomba refu haijasogea hata kidogo", kumbe siku zote anaikaza! Usijisumbue kukumbuka kushoto na kulia, simama mbele ya mashine kama unavyosimama ukinoa, weka spana iwe imeelekea juu, vuta ije kwako. Pande zote mbili zinafunguka hivyo hivyo.

Na spana iwe yake. Mashine za zamani za Kiingereza nyingi ni za inchi, ya milimita itaingia ikicheza cheza halafu itakula kona zote za nati, hapo umejiongezea kazi. Usizuie shafti kwa kusokomeza gogo kwenye jiwe, jiwe likipata ufa huuoni kwa macho na litakuja kupasuka usoni mwa mtu. Mie nashika nati ya kushoto kwa spana nafungua ya kulia kwanza, jiwe la kulia likitoka narudisha nati mbili za kawaida kwenye zile nyuzi nazikaza zibanane zenyewe kwa zenyewe, nashika hapo nafungua kushoto. Ukianzia kushoto utahitaji nati mbili za nyuzi za kushoto, na hizo hapa mjini utazitafuta mpaka uchoke.

Ikigoma, mafuta. Changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, tikisa kila ukitia manake vinatengana, tia kidogo kidogo asubuhi na jioni, na katikati gonga kona za nati (nati, sio ncha ya shafti) kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye. Iache ilale. Huu ndo wakati watu wanakosa subira.

Moto ni baadae, na upanguse asetoni yote kwanza inawaka vibaya sana. Jiwe likiwa bado limebanwa na hiyo nati usilete moto kabisa, heri uikate nati kwa msumeno wa chuma ubavuni, ukibakisha unene kidogo kabla ya kufika kwenye nyuzi, kisha uipasue kwa tindo. Flanji ya ndani iliyoshikana na shafti ndo unaipasha, kwa haraka, na kitambaa kibichi upande wa beringi.

Beringi kwenye mfuniko wa mota, hapa ndo napapenda. Kama mfuniko ni wa aluminiamu usipige chochote, toa shafti na mota yake, mfuniko ukiwa peke yake uinamishe juu ya mbao uumwagie maji ya kuchemka kutoka kwenye birika. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, utasikia tk, beringi imeanguka yenyewe. Ikibaki kwenye shafti tumia pula, kile kifaa cha kuvutia beringi, na kama ni lazima ubonyeze ncha basi weka kipande cha shaba katikati.

Namba ya beringi imeandikwa ubavuni. Ikiwa 6203 ni tundu la milimita 17, nje 40, unene 12. Agiza yenye 2RS mwishoni, hiyo ina raba pande zote, ile ya ZZ kifuniko chake ni cha bati na chumvi yetu inapita. Ukiipachika kwenye shafti sukuma duara la ndani tu, ukisukuma la nje umeiua kabla haijazunguka.

Kabla ya kurudisha jiwe lining'inize kwa kidole uligonge na mpini wa mbao, likilia wazi ni zima, likitoa sauti ya kufa litupe. Soma na spidi yake, mota hizi kwa umeme wetu wa 50 Hz nyingi zinakaribia mizunguko 3000 kwa dakika na jiwe lazima liandikwe zaidi ya hapo. Ukiwasha simama pembeni uiache izunguke. Ikitoa mlio na shafti inacheza kwenda mbele na nyuma, angalia sakafuni, ile washa ya mawimbi, iliyopindapinda kama springi, iliyokuwa nyuma ya beringi iko hapo chini.