Tarehe 31 Septemba: kwa vijana mnaoshika hesabu za wagombea

Juzi niliingia stesheneri moja hapa Kaloleni, Arusha, kutoa kopi. Kwenye benchi la nje nikamkuta kijana ninayemfahamu, mhitimu wa uhasibu, mwenye kichwa kizuri. Mapajani ana vitabu vitatu vya risiti, vile vya kununua dukani. Pembeni kuna peni nne, mbili za bluu na mbili nyeusi. Anaandika risiti, anabadilisha peni, anageuza kitabu, anaandika nyingine kwa mkono wa kulalia kushoto. Aliponiona akazifunika kwa bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo ni za mheshimiwa wako?"

"Ni kuziba mapengo tu, mama. Kila mtu anafanya hivyo."

Nilirudi ofisini bila kopi zangu. Mimi nimeshika hesabu za wagombea tangu 2010, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na yale mapengo nayajua moja moja. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa wenzake wote mnaopewa begi la fedha na kuambiwa "wewe ndiye mweka hazina wetu" wiki mbili kabla ya kampeni kuzinduliwa.

1. Jua karatasi gani inakwenda wapi. Kila msimu napigiwa simu na kijana aliyechanganya mambo mawili. Hesabu za gharama za uchaguzi, yaani fedha ulizonazo, unazotarajia, ulizopewa na ulizotumia, zinapita kwenye chama na msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Tamko la rasilimali na madeni ni jambo la kiongozi aliyekwisha kushika wadhifa. Hilo linakwenda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ndani ya siku 30 tangu aingie, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena siku anapoondoka. Ila anza kuandaa ya pili ukiwa bado kwenye ya kwanza, maana mgombea akishinda, siku 30 zinaishia kwenye sherehe za kumpongeza.

2. Andika siku hiyo hiyo. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka 2010 nilikuwa mtunza fedha wa mgombea ubunge katika jimbo moja la mkoa huu. Alikuwa mwalimu mstaafu. Ndiye aliyenifundisha darasa la nne, na aliponiomba nimshikie hesabu sikufikiri mara mbili. Nilinunua kaunta buku, nikachora mistari: tarehe, aliyetoa, aliyepokea, kazi, kiasi, namba ya risiti. Siku kumi na moja za mwanzo niliandika vizuri. Siku ya kumi na mbili tulikuwa na mikutano mitatu, Sakina, Ngaramtoni na mmoja wa jioni, gari la matangazo likaharibika, boda walitaka mafuta kabla ya msafara kuondoka, na mama aliyepika alikuwa na sufuria tano za kurudisha. Nilitoa fedha kwa mikono miwili. Nikajiambia usiku nitakaa niandike. Usiku nililala na viatu.

Kesho yake nikajiambia nitaandika za siku mbili. Keshokutwa, za siku tatu. Wanangu, mnaijua hiyo njia. Baada ya wiki sikuligusa tena lile daftari, kwa sababu kila nikilifungua naona ile kurasa nyeupe iliyoanza pale nilipoachia. Aibu ya kurasa moja ilinifanya niache kurasa arobaini.

Tukashindwa uchaguzi. Begi lilikuwa limepitisha shilingi 12,600,000. Nilipokusanya vielelezo vyote, vya kweli, vilifika 5,150,000. Zilizobaki, 7,450,000, zilikuwa kichwani kwangu, kwenye meseji za simu na kwa watu ambao sikumbuki hata majina yao. Tarehe ya kuwasilisha ikakaribia. Nikaenda stesheneri. Sitaki niwafiche: nilinunua vitabu viwili vya risiti, nikakaa mezani kwangu usiku mmoja, nikaandika risiti 43. Mafuta, maturubai, chakula, spika, posho za vijana. Nilibadilisha peni kama yule kijana. Asubuhi nikampelekea Mwalimu lile faili akasaini. Hakulifungua. Alisema, "Wewe si ndiye uliyeandika? Basi."

Mweka hazina wa chama wilayani alikuwa mzee aliyefanya kazi ya ukarani kwenye ushirika wa kahawa miaka mingi. Alituita sote wawili. Hakuuliza kitu. Alizitoa zile risiti kwenye faili, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata, lakini kwa namba zilizochapwa pembeni, wala si kwa tarehe. Akazipanga mpaka zikajaa meza. Kisha akasema taratibu, "Namba zinapanda. Tarehe zinashuka." Nikaangalia. Namba 014 ilikuwa ya Oktoba, namba 015 ya Agosti, na wauzaji wawili tofauti kabisa walikuwa wametumia kitabu kimoja. Akaichukua moja akampa Mwalimu. Ilikuwa ya mafuta, lita sitini. Tarehe niliyoiandika ilikuwa 31 Septemba.

Mwalimu aliishika ile karatasi muda mrefu. Nilidhani anatafuta tarehe. Kumbe alikuwa anaangalia tarakimu. Darasa la nne alitufundisha kuikata saba tumboni, kamstari kadogo, ili isifanane na moja. Mimi naikata mpaka leo. Kwenye risiti zile 43, peni nilibadilisha, mwandiko nikaulaza, lakini kila saba ilikuwa imekatwa tumboni. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii saba ni ya kwangu."

Hakusema neno lingine mpaka tulipofika barabarani.

Kilichofuata kilichukua wiki mbili. Alilichukua faili kabla halijakwenda popote, tukazunguka. Yeye mwenyewe, na suti yake ya kampeni, alikwenda nami kijiweni kwa boda Sakina kuuliza nani alipewa elfu kumi na nani elfu tano. Tulikwenda kwa mama aliyepika, akatoa kidaftari chake cha madeni, amelipwa lini na kiasi gani, kila kitu kimeandikwa kwa penseli. Mama yule, aliyekuwa akipika kwa kuni barabarani, aliweka hesabu kuliko mimi niliyesomea. Fundi wa spika alikumbuka tarehe kwa sababu mvua ilinyesha. Tulisoma meseji za M-Pesa kwenye simu yangu moja moja. Tulirudisha 4,190,000, kila shilingi na mtu aliyeipokea na sahihi yake au dole gumba. Jumla ikawa 9,340,000. Zilizosalia 3,260,000 hatukuzipata. Sikuzila, na Mwalimu hakuzila. Zilikwenda kwenye kampeni kwa njia ambayo siwezi kuionyesha. Hiyo ndiyo maana yake halisi kwenye hesabu: hazipo.

Mwalimu akaandika barua kwa mkono wake, kwamba shilingi 3,260,000 hana vielelezo vyake na kwamba wajibu ni wa mgombea. Jina langu hakulitaja. Nilimsihi alitaje, akakataa.

Mwaka 2015 aliingia tena kwenye kura za maoni. Mpinzani wake ndani ya chama aliipata nakala ya ile barua, akaitembeza. Milioni tatu ziliyeyuka, mtu huyu mnampa jimbo? Mwalimu alisimama mbele ya wajumbe akasema ni kweli, barua ni yake, na mtu ambaye hajaandika barua kama hiyo aonyeshe risiti zake zote. Walikuwepo waliopiga makofi. Kura hazikutosha. Hakugombea tena. Nilikaa kiti cha nyuma siku ile nikiwa najua kwamba zile kura zilipotea kwenye usiku mmoja wa Septemba nilipolala na viatu.

Kwa hiyo kijana wangu wa kwenye benchi, nisikilize. Pengo lisilozibwa ni kosa. Pengo lililozibwa kwa risiti ya kutunga ni uongo wenye sahihi ya mtu mwingine chini yake. Wewe unashika peni, anayesaini ni mgombea, na jina litakalochafuka ni lake.

3. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoe kopi siku hiyo hiyo. Ile karatasi inafifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari la kampeni, jua la Arusha mchana linatosha kuifanya nyeupe. Na namba yake ya uhakiki iingize kwenye mtandao wa TRA, siyo kwa sababu humwamini muuzaji, bali kwa sababu mwingine atakuja kuiingiza.

4. Simu ya michango iwe moja, laini yake yenyewe. Isiwe ya mgombea, isiwe yako, isiwe ya mke wa mgombea.

5. Ng'ombe ni fedha. Hili vijana hawalisikii. Mfugaji wa Monduli akitoa beberu watano kwa ajili ya mkutano, mwenye lori akitoa lori, mwenye hoteli akilaza timu bure, huo ni mchango. Uthaminishe kwa bei ya mnada ya wiki hiyo na uuandike na jina la aliyetoa. Halafu jiulize swali la pili: nyama hiyo imekwenda kwa nani? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliwekewa kifungu cha takrima, kwamba ukarimu wa kiasili wa mgombea usihesabiwe rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Bado kila msimu nakutana na meneja kampeni anayesema "hiyo ni takrima tu, mama, usiandike." Mwambie imefutwa. Mwambie na mwaka.

6. Madeni. Kwenye tamko la rasilimali, vijana wanajaza mashamba na nyumba kwa bidii, wanafika kwenye madeni wanaandika "Hakuna." Mgombea gani huyo? Ukitaka kujua mgombea ni wa nani, usianze na mali yake. Anza na anayemdai. Niliwahi kukaa na mheshimiwa saa tatu tukihesabu viwanja vyake, vyote safi, na hati zipo. Nilipouliza nani analipa bili ya duka la vifaa vya ujenzi alikochukua mabati ya nyumba yake, akanyamaza. Mwenye duka alikuwa akiomba zabuni halmashauri. Lile deni ndilo lilikuwa tamko lake lote. Na usisahau kwamba tamko linamhusu pia mwenzi wake wa ndoa, na watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Shamba la Karatu lenye jina la mama watoto liandike.

Mkiona hilo la mwenzi ni uchokozi wa siku hizi, tokeni mtembee kidogo. Makumbusho ya Azimio la Arusha yapo hapa hapa Kaloleni. Azimio la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na likasema wazi kwamba masharti yanawahusu mume na mke. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na mimi siombi yarudi yote; mwalimu mstaafu mwenye vyumba vinne vya kupangisha simwoni kama mnyonyaji. Lakini matarajio ya watu hayakulegezwa siku ile. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alitangaza mali zake na za mkewe hadharani, na wazee wa hapa bado wanalitaja hilo kila anapokuja mgombea mpya kuomba kura. Hata Marekani, wagombea urais kuweka hadharani ritani zao za kodi ni desturi iliyojengeka tangu miaka ya 1970, siyo sheria. Donald Trump alipokataa mwaka 2016 hakuna kifungu kilichomlazimisha, na swali lilimfuata miaka yote. Kwa hiyo mgombea wako akikuuliza "sheria inanilazimisha?", mjibu kwa ukweli kuhusu sheria, kisha mwambie watakachouliza wale wamama wa soko la Kilombero.

7. Kulala. Lala baada ya kuandika.

Kijana wa stesheneri, najua utasoma hapa. Nimekununulia kaunta buku, iko mezani kwangu, mistari nimeshachora. Njoo Jumatatu asubuhi na risiti zako za kweli, hata kama ni sita tu, na simu yako yenye meseji zote. Zile ulizoandika benchini zilete pia, tuzichane. Gari langu lina mafuta, tutaanza kuzunguka kwa boda wa Mianzini.