Si kila kuku mwekundu ni Rhode

Kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kuku mwekundu yeyote huitwa Rhode, kifupi cha aina ya Rhode Island Red. Muuzaji huenda hadanganyi. Ndivyo alivyoambiwa na aliyemvusha kuku huyo mpakani Kasumbalesa. Ukitaka kitoweo, jina halina kazi. Ukitaka mbegu, mfunue manyoya kwanza.

Rhode Island Red halisi ni mwekundu wa kukolea, karibu na kahawia, mkia mweusi wenye mng'ao wa kijani. Mgongo ni mrefu na bapa. Ukimtazama ubavuni anafanana na tofali. Puliza manyoya ya mgongoni: malaika, yale manyoya laini ya ndani, yawe mekundu mpaka kwenye ngozi. Ukikuta meupe, huyo ni chotara wa mayai, kama ISA Brown au Lohmann Brown. New Hampshire alitokana na Rhode, ila rangi yake imepauka na umbo lake linaelekea pembetatu.

Jogoo ndiye anayefichua zaidi. Hao chotara wa mayai huzaliwa na baba mwekundu na mama mweupe, hivyo majike hutoka wekundu na madume weupe. Ukiuziwa jogoo mwekundu kwa jina la ISA Brown, umeuziwa kitu kingine. Sasso na Kuroiler nao ni chotara: Sasso wengi ni wekundu, baadhi shingo tupu, Kuroiler ana rangi mchanganyiko. Wafuge ule, usiwategemee kwa mbegu, maana watoto wao hutawanyika kwa ukubwa na kwa utagaji.

Mtetea hupimwa kwa mkono. Mshike chini ya mbawa, kisha weka vidole kati ya ile mifupa miwili ya nyonga pembeni mwa tundu la yai. Anayetaga hupokea viwili au vitatu, na mifupa ni myembamba, inapinda kidogo. Kikiingia kimoja tu, hatagi sasa. Kutoka nyonga hadi ncha ya kidari viingie vitatu au vinne, na tumbo liwe laini. Tumbo gumu ni mafuta. Tundu liwe pana na lenye unyevu.

Wengi hutazama miguu. Ni kweli kuku wa miguu ya njano hupauka akitaga: kwanza tundu, halafu kando ya jicho, mdomo, mwisho miguu. Lakini kwetu kuku hula pumba za mahindi meupe, ambayo karibu hayana rangi hiyo ya njano, kwa hiyo anaweza kupauka bila kutaga hata yai moja. Amini mifupa.

Mdomo uliopishana, vidole vilivyojikunja, mkia ulioegemea upande mmoja: mwache. Kwa Rhode ongeza ndewe nyeupe na vinyoya kwenye muundi, dalili za damu nyingine. Magamba ya miguu yaliyoinuka hayarithiwi. Ni utitiri, paka vaselini mara kwa mara mpaka magamba mabovu yadondoke.

Mgeni akae peke yake wiki tatu, kideri (Newcastle) kisije na shehena. Jogoo mmoja atosha kwa mitetea 8 hadi 10. Mayai ya kuatamisha yasizidi siku 7, ncha nyembamba ikiwa chini. Na mabinti wakianza kutaga, baba yao aondoke bandani.