Maswali na majibu: Kupumzika si kulala kama gogo

*Shikamoo daktari. Mama ana miaka 71, alipata kiharusi wiki tatu zilizopita na upande wa kushoto umepooza. Tuliambiwa apumzike. Mazoezi nianze lini? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mlipaswa kuanza siku ileile mliyorudi nyumbani, na kosa si lako. Neno "apumzike" limenichosha. Anayelisema wodini ana maana mgonjwa asichoshwe. Nyumbani linafika likiwa "asiguswe". Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya kwa wiki tatu. Miaka 30 baadaye waliwapima tena walewale, ikaonekana zile wiki tatu ziliushusha uwezo wa miili yao kuhimili kazi kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wa miaka 20. Mama yako ana 71.

Anza asubuhi ukishamwogesha, mwili umelegea. Mkono uliopooza ushike sehemu mbili, chini ya kiwiko na kwenye kiganja, uunyanyue taratibu hadi usawa wa bega, usipite hapo. Kunja na kunjua kiwiko, kisha kifundo cha mkono, kisha fungua vidole kimoja kimoja. Ukija mguuni, kunja goti kuelekea tumboni, nyoosha, halafu shika kisigino usukume unyayo uelekee juu. Kila kiungo mara 10, asubuhi na jioni. Upande mzima afanye mwenyewe, hata kama anachelewa.

Usimvute kwa mkono uliopooza, wala usimwinue kwa kumshika makwapa. Misuli ya bega lile haina nguvu ya kulishikilia na linachomoka kirahisi. Mgonjwa haulizwi uji, ndiyo, lakini kiungo chake anaulizwa. Asiyeweza kusema, mtazame usoni. Akikunja uso, rudi nyuma.

*Baba amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tumepewa glovu apulize, lakini akipuliza mara mbili anaacha, anasema mshono unauma. (Msomaji, Tanga)*

Kila mtu anatazama glovu inavyovimba, na kazi yenyewe iko kwenye pumzi inayoingia. Anayelala chali siku nzima hupumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu zinasinyaa, kohozi linatuama, nimonia inapata mlango.

Mkalishe, mgongo uegemee mito. Weka kiganja chako chini kidogo ya mbavu zake, umwambie avute hewa kwa pua mpaka mkono wako usukumwe. Aizuie mkihesabu hadi tatu, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Mara 5 zinatosha, halafu arudie kila saa akiwa macho. Akizidisha mfululizo atapata kizunguzungu. Wakati wa kukohoa akumbatie mto na kuukandamiza juu ya mshono. Asikimeze kikohozi kwa kuogopa nyuzi! Kama maumivu yanamshinda, muulizeni muuguzi kama anaweza kupewa dawa yake ya maumivu mapema kabla ya mazoezi.

*Bibi halali vizuri, mguu mmoja umevimba na shavu la mguu ni la moto. Shangazi anamchua kwa mafuta ya mnyonyo. Aendelee?*

Aache sasa hivi, na bibi apelekwe hospitali leo. Huenda ni damu iliyoganda, na kuchua kunaweza kuibandua ikakimbilia mapafuni. Akianza kuhema ghafla au kuumwa kifua, msisubiri hata gari la jirani lirudi kutoka sokoni.

*Naomba mazoezi ya mgonjwa wa kitandani.*

Mgonjwa gani? Jumbe za namna hii nazipata kila wiki na siwezi kuzijibu. Aliyevunjika nyonga, mwenye moyo dhaifu na aliyepooza hawafanyi mambo yaleyale. Andika umri, ugonjwa, amelala siku ngapi, anakaa au hakai.

*Je, tairi ya kujaza hewa chini ya makalio inazuia vidonda?*

Hapana. Pete ile inabana damu kuzunguka pale pale mnapotaka ipite. Kinachozuia kidonda ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku, kwa hiyo pangeni zamu. Mto ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro.

Mwaka jana niliingia nyumba moja Mbagala. Godoro jipya, shuka safi, feni inazunguka, mzee hana kidonda hata kimoja mgongoni. Nikamshika mkono uliopooza. Ulikuwa umekunja ngumi, na kucha za vidole vitatu zilikuwa zimezama kwenye kiganja. Binti yake alilia. Miezi minne alikuwa amemlisha, amemwogesha na kumgeuza, na siku ya kuruhusiwa hakuna aliyetumia dakika tano kumwonyesha namna ya kufungua vidole. Ninyi mlio wodini leo, msikubali kuondoka kabla hamjaonyeshwa, na mfanye kwa mikono yenu wahudumu wakitazama.

Tuliuloweka mkono wa mzee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kidole cha kwanza kilichukua robo saa kufunguka.